Kelele Ipi Inyamaze: Gari la Mrusi, la Mjapani na Letu

Mrusi aliyenunua Lada mpya katika miaka ya 1990 mara nyingi hakuanza kwa kuitembeza. Alianza kwa kuivua. Viti vilitoka, kapeti likafunuliwa, vifuniko vya milango vikang'olewa, kitambaa cha darini kikashushwa, mpaka gari lililotoka kiwandani juzi likabaki bati tupu na nyaya. Kisha bati likafutwa mafuta kwa spiriti. Shiti za lami zenye foili ya aluminiamu zikapashwa moto kwa mashine ya kupuliza hewa, zikabandikwa, zikakandamizwa kwa kirola cha mkono hadi ule urembo uliochapwa juu ya foili ulale kabisa, maana urembo ukiwa bado umesimama ni dalili kwamba shiti haijashika vizuri. Kazi hii Warusi huiita shumka, na mpaka leo ziko gereji zinazoishi kwa hiyo peke yake.

Mwingereza aliyezoea Rolls-Royce angeliona jambo hilo kama tusi kwa kiwanda. Mhandisi wa Toyota angesema kazi imeanzia mwishoni. Kijana wa Marekani aliyejaza spika kwenye buti angeuliza tu shiti zimenunuliwa wapi. Na sisi wa Afrika Mashariki, ambao magari yetu mengi tunayapokea bandarini yakiwa yameshakula miaka yao ya ujana katika barabara za wengine, tumeanza nasi kubandika shiti hizi bila kujiuliza tunamwiga nani kati ya hao.

Vifaa ni vile vile dunia nzima: lami au mpira wa butili, foili, sponji, felti. Kinachotofautiana ni kelele ambayo kila watu wameamua kuwa ndiyo adui. Kwa kuwa magari yetu yanatoka Japani, tumezoea kudhani kwamba hata elimu ya kuyanyamazisha tuitafute huko. Mimi naona mwalimu wetu wa karibu zaidi yuko Togliatti, mji wa viwanda ulio kando ya mto Volga, zinakoundwa Lada.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachotokea chini ya shiti. Bati la mlango wa gari la kawaida halifiki unene wa milimita moja. Tairi likigonga barabara, mtetemo hupanda kupitia bushi, shokapu na bodi, ukafika kwenye bati pana, nalo likaanza kutikisika na kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Bati hilo ni ngozi ya ngoma, na mpiga ngoma anayetaka kuikata sauti huiwekea kiganja. Shiti ndiyo kiganja chenyewe. Bati likipinda, foili iliyo juu hukataa kupinda nalo kwa kiasi kile kile; mpira unaonata ulio katikati huvutwa huku na huku, na nguvu ya mtetemo huishia humo ikawa joto dogo lisilohisika. Ndiyo maana hakuna haja ya kufunika kila sentimita. Robo hadi nusu ya eneo la bati, hasa pale katikati panapocheza zaidi, hufanya sehemu kubwa ya kazi. Muuzaji wa shiti hana sababu ya kukuambia hivyo.

Lakini mtetemo wa bati ni nusu ya habari. Kelele nyingine haipandi kwa chuma, inapita hewani: mvumo wa matairi, upepo kwenye vioo, honi za watu. Hiyo haizuiwi kwa kubandika vipande. Inataka ukuta mzito usio na mwanya. Kanuni yake ni kali. Ukiuongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata punguzo la desibeli 6 tu, na sikio la binadamu linataka punguzo la desibeli 10 hivi ndipo likiri kwamba kelele imebaki nusu. Mwanya nao haushindani na uzito: ukuta wenye tundu la asilimia 1 ya eneo lake hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20, hata sehemu iliyobaki iwe ya zege. Raba ya mlango iliyokauka na kupasuka ni tundu la aina hiyo. Unaweza kubandika butili ya kugharimu bei ya injini, na raba ile ikaendelea kukucheka.

Warusi walilifahamu hili kwa mikono kabla ya vitabu, na wakalipanga kwa tabaka. Kwanza shiti nzito ya kuua mtetemo. Juu yake sponji nyepesi isiyonywa maji, ambayo kwao ina kazi ya pili ya kuzuia baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri isiingie na joto la hita lisitoke. Mwishoni, tabaka ambalo mimi naliona ndilo la busara kuliko yote: utepe laini mweusi wa kubandika kila mahali plastiki inapokutana na plastiki. Dashibodi za Lada Samara, zilizoanza kutoka miaka ya 1980, zilikuwa za plastiki ngumu iliyolia katika kila shimo, na sauti hizo ndogo za kukwaruzana Warusi huziita nyenje. Kumsaka nyenje mmoja ndani ya dashibodi ni kazi inayoweza kumaliza Jumamosi nzima.

Lada yenyewe ilizaliwa katika mabishano na barabara. Walipoinunua Fiat 124 kutoka Italia ili waifanye VAZ-2101, iliyoanza kutoka mwaka 1970, Wasovieti waliona kwamba bodi ya Kiitaliano haiziwezi barabara zao. Wakaongeza unene wa bati, wakainua gari, wakabadilisha breki za diski za nyuma kwa za drami kwa sababu ya matope. Hawakuongeza utulivu. Kiwanda kilikuwa na kazi ya kutoa magari ya kutosha, na foleni ya wateja ilikuwa ya miaka, hivyo hakuna aliyelazimika kumbembeleza mnunuzi kwa ukimya. Niva, gari lao la nyikani la mwaka 1977, ina gia za kugawa nguvu kwa magurudumu manne ambazo hulia wakati wote wa safari, na wenyewe wamezoea. Basi utamaduni wa shumka ulikua katika pengo kati ya kile ambacho kiwanda kilitoa na kile ambacho mtu alitaka kuishi nacho. Ni utamaduni wa mtu asiyemngoja mtengenezaji.

Tofauti na Urusi, huko Uingereza ukimya ulikuwa bidhaa yenyewe. Mwaka 1958 David Ogilvy, aliyekuwa na kampuni ya matangazo New York, aliwauzia Wamarekani Rolls-Royce kwa kichwa cha habari kilichodai kwamba gari likiwa kwenye mwendo wa maili 60 kwa saa, kinachosikika zaidi ndani ni saa ya umeme. Hoja ya saa haikuwa ngeni. Tangazo la Pierce-Arrow, gari la kifahari la Kimarekani, lilishaitumia mwaka 1933. Ila kwa Rolls-Royce ilikaa kama imezaliwa hapo. Ninavyoona, asili yake iko katika nyumba kubwa za Kiingereza, ambamo watumishi walijengewa ngazi zao za nyuma ili bwana asione wala asisikie kazi ikifanyika. Adui wa Rolls-Royce ni ushahidi kwamba kuna kitu kinahangaika chini ya boneti. Njia yake ni uzito na fedha: zulia nene la sufu, vioo vinene, mbao, na bati lililojazwa vitu usivyoviona.

Njia hiyo imefika mwisho wake kwa namna ya kuchekesha. Kwenye Ghost ya mwaka 2020 kampuni ilisema imetumia zaidi ya kilo 100 za vifaa vya kuzuia sauti, vingine vikiwa ndani ya matairi na kati ya tabaka za vioo. Wahandisi wakakuta wamevuka mpaka: ukimya ulizidi hadi ukawachanganya waliokuwa ndani. Wakalazimika kurudisha sauti kidogo kwa makusudi, wakivipanga vipande mbalimbali, fremu za viti zikiwamo, vitetemeke kwa mlio mmoja hafifu wa kufanana. BMW, wenye Rolls-Royce, walishapita njia inayofanana: M5 ya mwaka 2011 ilizibwa vizuri kiasi kwamba dereva hakuusikia tena vizuri muungurumo alioulipia, wakamchezea muungurumo huo kupitia spika za redio. Unaziba kwa pesa, kisha unazibua kwa pesa.

Mjapani alikuja na swali jingine. Mwaka 1983 Eiji Toyoda, mwenyekiti wa Toyota, aliagiza liundwe gari la kushindana na magari bora ya dunia, na mhandisi mkuu Ichiro Suzuki akaweka kanuni ya kutibu kila tatizo kwenye chimbuko lake. Kwa lugha ya kelele maana yake ni hii: usizibe mlango dhidi ya mtetemo wa injini, iunde injini isitetemeke. Shafti ya kupeleka nguvu nyuma ilipangwa inyooke kuliko kawaida, kwa sababu kila pembe kwenye kiungo chake huzaa mvumo. Umbo la nje lililainishwa hadi upepo ukose pa kukwaruza. Ni baada ya hapo tu ndipo walipofika kwenye bati, na hata hapo sehemu nyingine walitumia bati la safu mbili lenye gundi nzito katikati, shiti ya kuua mtetemo ikiwa imezaliwa ndani ya chuma chenyewe. Mifano ya majaribio ipatayo 450 iliundwa. Lexus LS 400 ilipoonyeshwa Detroit mwezi Januari 1989, kelele ya ndani kwenye kilomita 100 kwa saa ilitajwa kuwa desibeli 58, chini ya washindani wake wa Kijerumani. Tangazo lake la televisheni liliweka piramidi ya glasi za shampeni juu ya boneti, magurudumu yakizungushwa juu ya rola kwa mwendo wa maili 145 kwa saa, na hakuna tone lililomwagika.

Hapa ndipo penye uhusiano wetu wa kweli na historia hii. LS 400 kwao Japani iliuzwa kama Toyota Celsior. Harrier iliyotoka mwaka 1997 ndiyo iliyopelekwa nje mwaka uliofuata kwa jina la Lexus RX. Crown na Mark X ni ndugu wa ukoo huo huo. Mtu wa Mikocheni au Kileleshwa anayefunga mlango wa Harrier na kusikia ule mgoto mzito wa kupendeza anausikia uamuzi wa wahandisi wa Nagoya na majirani zake. Lakini Toyota hiyo hiyo ilitengeneza pia Probox, gari la mizigo la mwaka 2002, kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijapani anayepeleka sampuli na kurudi ofisini. Kanuni ya chimbuko haikutumika hapo kwa sababu hakuna aliyeilipia. Sakafu ya nyuma ni bati na kapeti jembamba, na pango zima la mizigo halina kitu cha kumeza sauti. Kenya imelifanya gari la familia, teksi ya vijijini na punda wa kila biashara. Kwenye kilomita 100 kwa saa abiria wa nyuma na dereva wanaongea kwa kupaza sauti na kukisia. Tunaposema Wajapani ni mabingwa wa ukimya tukumbuke kwamba wao wenyewe waligawa ukimya kwa daraja la bei.

Wajapani wenye mishahara ya kawaida nao wana utamaduni wao wa gereji, na si sawa na wa Mrusi. Kwao kazi kubwa iko mlangoni. Mlango wa gari kwa ndani una matundu makubwa ambayo fundi hupitishia mkono kufika kwenye mota ya kioo, na kiwanda huyafunika kwa karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi ya butili. Mpenda muziki huitoa plastiki hiyo, huitoa gundi punje kwa punje kwa utepe wa kunata, kazi ya subira inayochosha hata kuitazama, kisha huyaziba matundu kwa shiti ngumu na kubandika kipande cha kumeza sauti nyuma ya spika. Mlango unageuka kasha la spika. Kampuni ya Audio-Technica, inayojulikana kwa maikrofoni na hedifoni, imewahi kuuza hata seti kamili za kazi hiyo. Adui hapa ni bati linaloharibu besi na sauti ya mwimbaji. Kelele ya barabara ikipungua ni zawadi ya ziada. Na wenye magari madogo ya Kijapani yenye paa jembamba hubandika paa kwa sababu moja tu, mvua.

Mmarekani yuko karibu na hapo, ila kwa sauti ya juu zaidi. Dynamat, jina ambalo kwa wengi limekuwa jina la bidhaa yote, ilikua pamoja na mashindano ya muziki wa magari, ambapo besi hupimwa kwa desibeli na magari ya mashindano hupita 150. Kwenye kiwango hicho kibao cha namba kinapiga makofi, buti linapiga kelele, vioo vinacheza. Shiti zinabandikwa ili gari listahimili kelele ya mwenyewe. Sitakaa sana hapa, kwa sababu falsafa yake tunaijua bila kufundishwa: ipande matatu ya Rongai jioni ya Ijumaa.

Matatu ndiyo inayovuruga mlinganisho wote. Nganya ya Nairobi, yaani matatu iliyorembwa, hujengwa bodi yake kwenye karakana za jiji juu ya chesisi ya lori, mara nyingi Isuzu, na bajeti ya muziki na taa inaweza kumfanya mwenye nyumba ya kupanga ajiulize maswali. Ndani, paa na kuta hufunikwa sponji na ngozi bandia iliyoshonwa kwa mistari ya almasi. Fundi anafanya urembo, na urembo ule ule unameza sehemu ya kelele ya barabara na kuifanya besi isikike safi. Hakuna anayeiita kazi hiyo saundiprufu, lakini ni saundiprufu halisi, na imefanywa ili muziki ushike. Abiria kijana huchagua gari kwa sauti yake. Analiacha lililo tupu na tulivu akangoja lenye mdundo. Serikali ya Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo iliyopita kiasi mwaka 2009, na bado kila mwaka nganya mpya huzinduliwa kwa shangwe.

Kuna jambo jingine kwenye matatu na daladala ambalo halimo katika kitabu cha Mwingereza wala cha Mjapani. Bati ni chombo cha mawasiliano. Konda hugonga ubavu wa gari mara mbili na dereva akaondoka. Hugonga kwa namna nyingine na dereva akasimama. Abiria aliyebanwa nyuma asiyesikika akisema "shusha" hugonga paa. Bati lisiloitikia lingekuwa limeua lugha nzima ya kazi. Basi fundi wa Kirusi angekabidhiwa Hiace ya daladala aifanyie shumka kamili, konda angemrudishia kesho yake.

Hata hivyo, sitaki tuigeuze kelele yetu kuwa fahari ya utamaduni na kumaliza mazungumzo. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu. Kwenye desibeli 91 umebaki na saa mbili. Abiria anashuka Umoja au Tandika baada ya dakika arobaini. Dereva na konda wanabaki humo kuanzia alfajiri hadi usiku, na masikio yao hayajui kwamba ile ilikuwa besi nzuri. Wale wanaouza kelele ndio wanaokaa nayo muda mrefu zaidi.

Turudi kwa mwenye gari dogo, anayeendesha kati ya Morogoro na Dodoma au kati ya Nakuru na Eldoret, na amechoka. Kwa nini nasema amsikilize Mrusi? Kwa sababu kanuni ya Ichiro Suzuki inamhusu mtu mwenye kiwanda. Chimbuko la kelele la gari lililotumika miaka kumi si lile lililokuwa kwenye michoro ya wahandisi. Gari likishaingia nchini, na kwa Kenya halitakiwi kuzidi miaka minane linapoingia, utulivu wake wa kuzaliwa huanza kuvuja: bushi zinapasuka kwenye matuta, raba za milango zinakauka kwa jua, klipu za plastiki zinavunjwa na kila fundi anayefungua mlango na kurudisha tatu kati ya sita. Barabara ya changarawe yenye mawimbi inamaliza kilichobaki. Baada ya muda nyenje wanahamia hata kwenye Harrier. Hali hiyo Mrusi anaijua tangu gari likiwa jipya. Mtazamo wake, kwamba kiwanda kimefanya yake na kilichobaki ni chako, ndio unaotufaa.

Vifaa vyake lakini tuvitazame kwa jicho la pwani. Shiti ya lami iliyobuniwa kwa nchi ya theluji haina sababu ya kutulia kwenye paa la gari lililoanikwa juani Tanga au Mombasa mchana kutwa. Lami hulainika, hunuka, na kwenye paa huanza kuachia taratibu hadi kitambaa cha darini kivimbe. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa utepe wa lami wa kuzibia mabati ya nyumba yanayovuja, ambao mafundi wa nchi nyingi hupenda kuutumia badala ya shiti za magari kwa kuwa bei yake ni ndogo na kwa macho unafanana nazo. Butili hugharimu zaidi na hustahimili joto. Kwa sakafu, ambako jua halipigi, lami nzuri inatosha na viwanda vyenyewe huitumia.

Sponji ya godoro ni kosa la pili la mtaani. Ina matundu yaliyo wazi, inanywa maji, na chini ya kapeti la gari linalopita kwenye madimbwi ya masika inageuka kitalu cha kutu. Sponji ya kufaa ni ile ambayo ukiizamisha kwenye ndoo na kuikamua haitoi maji. Kwenye milango, anayeiga ustadi wa Kijapani wa kuziba matundu akumbuke kwamba maji ya mvua hupita ndani ya mlango kila siku na hutokea kwenye vitundu vidogo vya chini. Ukiviziba hivyo, mlango wako utakuwa kimya kwa muda na kisha utaoza.

Mpangilio wa matumizi ya fedha ni jambo ambalo mafundi wa Gerezani na wa Barabara ya Kirinyaga hubishana nalo, kila mmoja akivutia upande wa anachouza. Nami nina upande. Kwenye gari la kisasa likivuka kilomita 50 kwa saa hivi, mvumo wa matairi ndio hutawala. Kabla hujavua kiti hata kimoja, angalia matairi: lililolika upande mmoja kwa sababu ya alaimenti mbovu hulia kwa sauti ambayo watu wengi huidhania ni beringi, na tairi la meno makubwa lililofungwa kwa ajili ya sura litavuma hata juu ya lami mpya ya Thika. Lebo ya Ulaya inayobandikwa kwenye matairi tangu mwaka 2012 huonyesha desibeli, lakini hizo ni za nje, zinazomsumbua mkazi wa kando ya barabara. Haikuahidi kitu wewe uliye ndani. Baada ya matairi ni bushi na shokapu. Baada ya hapo raba za milango, ambazo hupimwa kwa noti: ifungie noti mlangoni, uivute, ikitoka bila ubishi hapo ndipo pesa yako ya butili ingepotelea.

Ndipo shiti. Anza na madigadi, juu ya magurudumu ya nyuma hasa, kwa sababu mawe na maji hupiga hapo na Probox na Noah huacha eneo hilo karibu uchi. Kisha sakafu ya buti, milango, na paa mwishoni. Piga bati kwa kifundo cha kidole: likitoa mlio mrefu linahitaji, likigota kwa mkato lina kitu tayari. Butili ya milimita 2 ina uzito wa kilo tatu hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo mita 10 za mraba ni kilo 30, uzito wa mtoto wa darasa la tatu anayesafiri nawe maisha yote ya gari. Kwa injini ya lita moja na nusu hilo linahisika kwenye kilima cha Kinungi.

Kuna wanaosema tusubiri, teknolojia itamaliza kazi. Honda walianza zamani kuchezesha sauti pinzani kupitia spika ili kuua mvumo wa injini, na Genesis GV80 ya mwaka 2020 ilikuja na mfumo wa kusoma mtetemo wa barabara na kuupinga kwa sauti kabla haujafika sikioni. Watengenezaji walitaja punguzo la desibeli 3. Ni kazi ya kupendeza, na itatufikia bandarini baada ya miaka minane, ikiwa na vihisio vilivyolegea. Mabasi ya umeme yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022 yanatuletea jaribio lililo karibu zaidi. Injini ya dizeli ilikuwa inafunika makosa mengi ya mjenzi wa bodi. Ikitoka, kila skrubu iliyolegea itajitaja yenyewe, na fundi wa bodi atajikuta anatafuta ule utepe mweusi wa Warusi. Ama sivyo, mwenye basi ataongeza tu sauti ya muziki.